Buti la Kushoto

Laini za wafanyakazi, shamba la mkonge, Thika
Jumapili jioni

Mwanangu Enos,

Kama unaisoma barua hii ukiwa bado hapa nyumbani, usimwambie mama yako neno. Isome mpaka mwisho, kisha uje unitafute. Kama unaisoma ndani ya gari la moshi, shuka steshini ya Kahawa urudi, tutazungumza. Na kama umeikuta Nairobi, asubuhi ya kwanza ya kazi, wenzako wamekwisha kuvaa buti na wewe umeshika moja tu mkononi, basi jibu langu umelipata, na silo ulilolitaka.

Jana uliniomba ruhusa ya kwenda kujifunza ufundi wa ndege, nikakwambia utapata jibu kabla treni haijaondoka Thika. Leo alasiri nimekagua sanduku lako mbele ya macho yako, nikasema, "Kila kitu kimo. Funga." Ukafunga. Ulipokwenda upande wa Ruiru kumuaga Mzee Njoroge, nililifungua tena. Nikatoa buti la kushoto, na barua hii nitaisokomeza ndani ya lile la kulia nikimaliza kuiandika. Wenye karakana ya ndege walisema wazi kwamba asiye na buti haingii, hata awe na cheti gani. Kwa hiyo safari yako sasa imesimama juu ya jambo moja. Kesho, kabla hujatoka, ama utafungua sanduku ambalo baba yako amekwisha kulikagua, ama hutalifungua.

Najua ninachokuomba. Kwetu mtoto hafungui mzigo uliokwisha kukaguliwa na mzazi wake. Akiufungua, ni kama kusema mzazi ni mwizi au mjinga. Nimekulea hivyo mimi mwenyewe, na umelelewa vizuri mno. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Mambo ya kila siku mama yako ameshayasema: maji ya kuchemsha, kwinini, wasichana wa mjini, kanisa. Sina la kuongeza. Alipokuwa akikunja mashati yako aliniambia, "Na wewe mwambie mtoto kitu, Baba Enos. Umekaa kama askari wa lango."

"Nafikiri," nikasema.

"Wewe hufikiri, wewe unashuku. Hata Biblia unaisoma mara mbili kuona kama imebadilika tangu jana."

Acha acheke. Mimi nimemaliza shule ya sekondari, nimekuwa karani miaka mingi, na kila jioni naandika katika shajara yangu yaliyotokea mchana. Mtu wa namna hiyo huonekana mwenye shaka hata akiwa amesinzia. Lakini safari hii nina sababu.

Unamkumbuka yule bwana aliyekuja kwenye ukumbi wa Thika kutafuta vijana. Mzungu mwenye Kiswahili kizuri, viatu vyake vinang'aa, mkononi ana ndege ndogo ya mbao. Alisema, "Ndege ikitoka Dar es Salaam, fundi wa pale ameikagua. Ikishuka Nairobi, fundi wa Nairobi anaikagua. Ikifika Entebbe, wa Entebbe naye anaikagua. Habari za mawingu na mvua zinapelekwa kwa simu ya upepo kutoka nchi hadi nchi. Nchi tatu, macho sita! Hakuna anayefanya kazi peke yake."

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Hata Mungu hajafikia hapo. Yeye hukagua peke yake." Wewe ulicheka. Mimi nikainua mkono.

"Wa Nairobi akiona kosa ambalo wa Dar es Salaam hakuliona, inakuwaje?"

"Analitengeneza, anaandika."

"Na huyu wa Dar es Salaam, akisikia, anasemaje?"

Akatabasamu vile mtu anavyomtabasamia mtoto wa mwenzake. "Karani, hawa watu ni ndugu. Wanaaminiana kabisa."

Ukumbi wote ukaniangalia, na wewe ukainamisha kichwa kwa aibu. Nilikuona. Lakini pale pale ndipo shaka yangu ilipoanza. Angenijibu kwamba wanagombana kila siku, ningekufungia sanduku siku ile ile.

Wako wanaosema kwamba habari hizi za nchi zetu kushirikiana ni hila ya masetla, kwamba leo ni ndege, kesho ni ardhi. Siasa sizijui, na siku hizi ni afadhali mtu asizijue. Ninachokijua ni kidogo zaidi. Kitu kikiwa cha watu watatu, sifa hupanda juu na lawama hushuka chini. Na wewe, mwanangu, utaanzia chini.

Hata hivyo ningekwisha kukubali, kama si maneno yako ya jana mezani. Ulikuwa unatueleza habari za rafiki yako aliyetangulia kule karakana. Ukasema, "Baba, kazi si ngumu. Fundi mkubwa akishapita, sisi wadogo tunatia jina tu. Nani atamchokonoa mzee wa watu?" Dada zako wakacheka. Wewe hukusema kwa ubaya, ulisema kwa heshima. Nikaacha kula. Mama yako akadhani mboga ina chumvi.

Sasa nikueleze ni nini nilichokisikia katika maneno yale.

Unakijua kile kiwanja cha nyasi mpakani, mahali wanapochunga ng'ombe siku hizi. Zamani kilikuwa kiwanja cha ndege. Nusu ilikuwa katika shamba letu la mkonge, na nusu katika shamba la kahawa la upande wa Ruiru. Wenye mashamba hayo mawili walikuwa na ndege moja ndogo ya shirika. Wewe wakati huo ulikuwa Maragoli kwa nyanya yako, kwa hiyo yaliyotokea umeyasikia kwa watu tu.

Adui wa kiwanja kile alikuwa yule mnyama muhanga. Huja usiku kutafuta mchwa, na akipata penye mchwa huchimba shimo la kumeza mguu wa ng'ombe. Asubuhi nyasi zimelala juu ya shimo, huoni kitu mpaka umekanyaga. Kwa hiyo siku ya ndege kuja, mimi nilitembea nusu yetu, na Mzee Njoroge, aliyekuwa nyapara wa shamba la kahawa, akatembea nusu yao. Tukimaliza tunatandika shuka jeupe katikati. Rubani akiliona shuka, anajua ardhi ni salama.

Siku moja gurudumu lilipita karibu sana na shimo katika nusu yangu. Lilikuwa shimo langu, nililipita bila kuliona kwa sababu jua lilikuwa machoni. Mabwana wakaja, wakatoa amri, na ilikuwa amri nzuri: kuanzia leo kila mmoja atatembea nusu yake, halafu atembee na nusu ya mwenzake. Ni yale yale ya bwana wa ndege ya mbao, ila sisi tulikuwa mashamba mawili badala ya nchi tatu.

Mara ya kwanza nilipovuka katikati, nilimkuta Mzee Njoroge amesimama, ameegemea fimbo yake.

"Karani," akasema, "umepoteza kitu huku?"

"Hapana, Mzee. Nimeambiwa nikague."

"Unikague mimi?"

"Nikague kiwanja, Mzee."

"Kiwanja nimekikagua. Mimi nimetahiriwa wewe hujazaliwa, sasa uje unifundishe kuona shimo?" Kisha akacheka, meno yake yote nje, nami nikacheka. Tukageuka. Yeye naye hakuvuka kuja kwangu. Alikuwa na heshima zake.

Tangu siku ile ikawa desturi. Tunakutana katikati, ananiuliza hali ya mama yako, namwuliza habari za kahawa, tunashika shuka huku na huku, tunatandika. Ungetutazama kwa mbali ungependa. Watu wawili, Mluhya na Mkikuyu, wameelewana. Na jioni naandika katika shajara yangu: "Kiwanja kimekaguliwa chote, mara mbili." Nilikuwa naandika uongo katika kitabu kisichosomwa na mtu, Enos. Sikujua kama ni uongo. Nilidhani ni adabu.

Na sasa sikiliza jambo linaloniuma kuliko yote. Wakati huo Emajensi, ile hali ya hatari ya serikali, ilikuwa imeanza. Sisi watu wa magharibi tulikuwa tumeletwa kujaza nafasi za Wakikuyu walioondolewa mashambani, na kila mtu alimtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Mimi nilimshuku Njoroge kwa kila kitu. Akiongea Kikuyu na mkewe, nilidhani ni mimi ninayesemwa. Akichelewa, nilijiuliza alikuwa wapi usiku. Aliponiletea ndizi, mama yako aliambiwa asizipakue mpaka mimi nizionje kwanza. Usiku nilisukuma meza mlangoni. Nilimshuku kwa mambo ambayo hayakuwapo. Kitu kimoja tu kilichostahili kushukiwa, zile nyasi za nusu yake ambazo mzee mwenye macho yaliyoanza kufifia alizitembea peke yake, hicho sikukigusa. Nisingeweza kumvunjia heshima!

Ilikuwa asubuhi ya baridi, mwezi wa Julai. Shuka tulilitandika. Ndege ikaja kwa upande wa Ruiru, ikagusa ardhi vizuri, ikakimbia, kisha nikaona mkia umeinuka. Ilisimama kwa pua kama jembe lililochomekwa. Tulimtoa rubani akiwa hai, lakini mkono wake wa kulia haukunyooka tena, na mtu huyo kazi yake ilikuwa mikono.

Askari walifika kabla ya adhuhuri. Walisimama juu ya shimo. Swali lao la kwanza lilikuwa, "Nani amelichimba?"

"Ni muhanga," nikasema. "Tazameni kucha. Tazameni mchwa."

"Wewe ulitembea hapa?"

"Sikutembea. Niliamriwa, sikutembea. Tangu amri itoke sijaikagua nusu hii."

Mkubwa wao akanishika bega. "Karani, wewe ni mtu wa magharibi. Mambo ya hawa watu usijiingize. Kwa nini unamtetea?"

Nikarudia. Nilisema mbele ya mabwana wote wawili, kila mtu wa laini alisikia, na mpaka leo wakilewa wananiita Karani Mara Mbili. Sikuficha kitu. Lakini nilijifunza siku ile kwamba ukweli ukichelewa hukuta viti vyote vimekaliwa. Walikuwa wamekwisha kumpata mtu wao. Walimpandisha Mzee Njoroge lorini na fimbo yake wakaiacha nyasini.

Walimweka kizuizini muda mrefu. Nyumba yake ya shambani ikapewa mwingine, mkewe akahamia kijiji kipya kule Theta. Aliporudi alikuwa mwembamba, sauti imekauka. Nilimpelekea unga na sukari na fimbo yake. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa. Akanikaribisha, akaiangalia fimbo pande zote.

"Umeipaka mafuta," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Karani, nimepata nafasi ndefu ya kufikiri. Kule hakuna kazi nyingine." Akamngoja mkewe aweke chai, atoke. "Wale walionichukua hawakuniheshimu hata kidogo, na sina neno nao. Wewe uliniheshimu mpaka ukanimaliza."

Nikaweka kikombe chini.

"Siku ile nilipokuuliza kama umepoteza kitu, ungenijibu: Ndiyo, Mzee, nimepoteza shimo, nisaidie kulitafuta. Ningekasirika siku mbili. Ningekuita mtoto asiye na adabu. Siku ya tatu ningekuja kwako kutafuta la kwako. Ngai! Hasira ya siku mbili ni rahisi sana, Karani. Hatukuijua bei yake."

Ndiye huyo unayemwita guka, babu kwa Kikuyu chao. Ndiye uliyekwenda kumuaga leo, na ukarudi na viazi vitamu ambavyo mama yako amevipika bila kuniuliza.

Kwa hiyo usidhani nina ugomvi na nchi tatu kukagua ndege moja. Mtu peke yake huchoka, jua humwingia machoni. Mimi nililipita shimo langu mwenyewe, mchana, nikiwa macho. Wenzake wasipokagua nyuma yake, watu watakufa. Ninachokishuku ni ule udugu wa yule bwana. Nashuku siku fundi wa Nairobi atakapoona jina la fundi wa Entebbe kwenye karatasi, na kwa kuwa ni mzee, au ni rafiki, au alimkaribisha chakula safari iliyopita, akaona vibaya kufungua tena kifuniko alichokifunga mwenzake. Siku hiyo macho sita yatakuwa yamefumba yote, na kila mtu atakuwa amefanya adabu. Na yule mama aliyeketi dirishani na mtoto mapajani hajui jina la yeyote kati yenu. Yeye ameliona shuka jeupe tu.

Nashuku pia kwamba ajali ikitokea, hawataanza kumwuliza fundi mkubwa. Watamtafuta wa chini, na wakishampata hawatarudi kuliangalia shimo. Mimi sitakuwapo pale kusema "tazameni kucha", na hata ningekuwapo, umeona jinsi maneno yangu yanavyopokewa.

Usiwashuku watu, Enos. Mimi nilifanya hivyo, haikunisaidia kitu ila kunikosesha usingizi na ndizi. Kula nao, cheka nao, kaa na Mganda na mtu wa Pwani, mfundishane lugha. Lakini mkono wako ukifika kwenye nati, sahau ni nani aliyeikaza. Na fundi mkubwa akikuuliza umepoteza nini pale alipokwisha kupita yeye, maneno unayo. Yalinunuliwa na Mzee Njoroge, ni yako bure.

Nimekaa nikifikiri kama ninakutendea haki. Unaweza kusema, "Baba alinidanganya, kisha akaniadhibu kwa kumwamini." Ni kweli. Nilikwambia kila kitu kimo, kisha nikakitoa kimoja kwa siri. Fundi wako mkubwa hatakudanganya hivyo kwa makusudi. Atakuwa na jua machoni tu, au mtoto wake anaumwa nyumbani, na atakwambia neno lile lile nililokwambia mimi, kwa sauti ile ile: kila kitu kimo, funga. Hutaweza kutofautisha. Kama huwezi kukagua nyuma yangu, mimi ninayekupenda na nisiyeweza kukufukuza kazi, utakagua vipi nyuma yake? Basi afadhali uwe karani wa mkonge kama mimi, mahali ambapo kosa huishia kwenye karatasi. Utarudishwa kutoka Nairobi, utanikasirikia mwaka mzima. Nimekwisha kuijua bei ya hasira, nitailipa.

Lakini sitaki kuilipa. Nataka uende.

Buti la kushoto liko hapa. Kesho nitaamka kabla yenu, niketi mlangoni juu ya lile debe lililopinduliwa, nalo litakuwa chini ya debe. Nitakuwa nakunywa chai kama kila siku. Nitakuuliza kama uko tayari, na sitakusaidia kwa jicho wala kwa kikohozi. Ukija na la kulia mkononi, usiniombe radhi, wala usizunguke na maneno. Simama mbele yangu useme, "Baba, ondoka hapo nikague."

Mama yako ataangusha kitu. Mimi nitaondoka juu ya debe, na hiyo ndiyo ruhusa yangu, na baraka zangu zimo humo humo.

Kisha kabla hujalivaa, likung'ute. Limelala kwangu usiku kucha.

Baba yako,
Jotham